Ghala Ndani ya Chumba cha Kupanga

Tuko mwezi wa Oktoba, na huku kwetu Chiungutwa, kama ilivyo Masasi mjini na kule juu Newala, hakuna wa kuelezwa maana ya mwezi huu. Korosho zinaokotwa, magunia yanapelekwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, watu wanasikilizia bei ya mnada. Malipo yakishaingia, vitenge vitanunuliwa, harusi zitapangwa, sherehe zitafanyika, na ikikaribia Januari wazazi watakimbilia sare za shule. Fundi cherehani ambaye mwezi wa Juni alikuwa akiomba kazi, sasa kazi zinamfuata mpaka mlangoni. Anayefuma vitambaa vya makochi, anayesuka mikeka na makapu, anayechonga mwiko, kinu au kinyago, wote msimu wao ni huu. Na mvua nazo hushuka Novemba au Desemba, wakati uleule kazi zimerundikana.

Kazi hizo zote, kwa wengi wetu, huingia ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Chumba hicho ndicho ninachotaka tukizungumze leo.

Wapangaji wetu tunawajua. Kuna mwalimu aliyeletwa na ajira kutoka mkoa wa mbali, ambaye jioni hufuma ili kuongezea mshahara. Kuna muuguzi, kuna karani wa msimu. Kuna binti aliyemaliza mafunzo ya ushonaji, akanunuliwa cherehani na wazazi wake kwa fedha za korosho, akaja kujitafutia karibu na barabara. Wanapanga chumba, au chumba na sebule, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye korido katikati na ua wa nyuma ambao ni wa wote. Mara nyingi bati liko juu bila dari. Ndani kuna kitanda, ndoo za maji, jiko, vyombo, nguo za nyumba nzima. Halafu kuna cherehani, marobota ya vitambaa, mabunda ya ukindu, magogo ya mpingo. Mgeni akibisha hodi, kwanza patafutwe mahali pa kumkalisha.

Naamini mafundi wengi hupoteza faida yao ndani ya chumba kabla hawajaipoteza sokoni. Kitambaa cha mteja kinaota ukungu, fundi anakilipa. Zipu tatu zilizokwisha nunuliwa hazionekani, zinanunuliwa nyingine tatu. Mkeka uliobakiza shupatu mbili umetafunwa na panya usiku mmoja. Hasara za namna hii haziandikwi popote, ndiyo maana hatuzihesabu, lakini zinatoka mfukoni mwetu. Kwa hiyo rai yangu kwa mpangaji mwenye kazi ya mikono ni hii: panga vifaa vyako kwa kufuata kazi uliyo nayo, na upange kwa namna ambayo mpango wote unaweza kuhama nawe siku ukitakiwa kuhama.

Mfano mzuri tunao hapahapa. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara, wakulima wetu wameliona ghala kwa macho yao. Gunia haliwekwi sakafuni, linakaa juu ya chaga za mbao. Haliegemezwi ukutani, linaachiwa nafasi ili hewa ipite na mtu aweze kuzunguka kukagua. Kila mzigo una mwenyewe, una daraja lake, una karatasi yake. Korosho iliyoingia na unyevu hushuka daraja, na mkulima analipwa kidogo kwa jasho lilelile. Mambo hayo matatu, yaani sakafu, ukuta na karatasi, ndiyo ninayotaka tuyaingize chumbani.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo penye ugomvi mwingi.

Mafundi wengi hupanga kwa aina. Vitambaa vyote kwenye fuko moja, bitana zote kwenye jingine, zipu kwenye kopo, nyuzi kwenye droo ya cherehani. Ukitazama, chumba kinapendeza. Lakini Mama fulani akija Ijumaa kuulizia gauni lake, fundi anafungua mafuko manne, anavuta vitambaa vya watu wanane, na vyote vinarudishwa ndani vimekunjamana. Njia iliyo bora kwa chumba kidogo ni kila kazi iwe na mfuko wake. Mteja anapoleta kitenge, palepale kitenge, bitana, zipu, uzi wa rangi yake na vifungo vinaingia katika mfuko mmoja. Kikaratasi kinabanwa kwa pini: jina, namba ya simu, vipimo, fedha aliyotanguliza, kilichobaki, siku ya kuchukua. Kama uzi wa rangi hiyo haupo, andika hapohapo kwamba unadaiwa uzi, ili siku ukienda Masasi ununue mara moja kwa mifuko yote. Gauni likikatwa, vipande vyake vinarudi kwenye mfuko uleule. Likishonwa nusu, linarudi humohumo. Hata ukiugua wiki nzima, mwenzako anaweza kufungua mfuko na kuendelea.

Na kwenye daftari andika orodha ya mifuko. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mteja iliyopotea huondoka na jina la fundi. Nimewahi kushuhudia mabishano ya urefu wa kitambaa, huyu anasema aliacha doti nzima, huyu anasema ilikuwa nusu, mpaka majirani wakaitwa kuamua. Fundi ambaye anapima kitambaa mbele ya mteja, akaandika, akampa nakala, hana haja ya kuita jirani.

Mifuko yenyewe isiwasumbue. Zamani tulikuwa tunajaza vitu kwenye rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, tumebaki na ile mifuko mbadala laini kama kitambaa, na kwa kuhifadhia nguo naona ni afadhali, kwa sababu inapitisha hewa. Vitambaa vilivyofungwa ndani ya plastiki isiyopumua, huku vina unyevu kidogo, huvunda. Kwa hiyo hata ndoo yenye mfuniko, ambayo ni kinga nzuri dhidi ya panya, usiifunge mpaka kilichomo kiwe kimekauka kabisa. Anika kwanza, acha kipoe kivulini, ndipo ufunge.

Sasa sakafu. Nyumba zetu nyingi hazikuwekewa kitu cha kuzuia unyevu chini ya msingi. Masika yakishika, ukigusa ukuta karibu na sakafu unauona ubaridi, na rangi inabanduka. Fuko la shangazi kaja lililokaa chini ya kitanda tangu Novemba, likifunguliwa Machi, kitambaa cha chini kabisa kina madoa meusi ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Na mchwa hawahitaji mwaliko. Wanapanda kutoka chini kwa njia ya udongo nyuma ya mzigo, mahali usipopaona, na siku ukiinua robota linabaki ganda.

Dawa yake ni kuinua. Weka matofali mawili mawili chini ya kila mguu wa kitanda, utapata nafasi ya kutosha masanduku na mafuko kukaa juu ya chaga ya fito au ya mbao, vidole vinne kutoka sakafuni. Acha nafasi ya kupitisha ufagio. Kila Jumamosi fagia humo, vuta vitu vyote, tazama kama kuna njia ya mchwa, rudisha. Kwa panya hakuna kinga inayoishinda hiyo ya kuvuta vitu kila wiki, kwa sababu panya hujenga mahali pasipoguswa. Na usihifadhi mahindi au karanga karibu na vitambaa. Panya hufuata chakula, akifika hutafuta pa kuzalia, na kitambaa laini ndicho anachokitaka.

Kwa wadudu wadogo wa nguo, wengi wetu tunatumia majani ya mwarobaini. Yakaushwe kivulini, yafungwe kwenye kitambaa chepesi ili yasitie doa, yawekwe katikati ya mikunjo, na yabadilishwe yakishaisha harufu.

Ukuta ndio unaotukosanisha na wenye nyumba. Mpangaji anaingia leo, kesho anapiga misumari kumi: wa mkasi, wa futi, wa nguo zilizokwisha, wa kalenda. Plasta zetu ni nyembamba, mchanga mwingi na saruji kidogo. Msumari mmoja unabomoa kipande cha ukubwa wa sahani. Siku ya kuhama, mwenye nyumba anahesabu matundu, mpangaji anasema aliyakuta, na miaka mitatu ya kuishi vizuri inaishia kwa maneno mabaya. Mimi nasema ukuta uachwe. Hata ukiruhusiwa kupigilia, rafu iliyofungwa ukutani hutaondoka nayo, na mbao ulinunua wewe.

Tengeneza kichanja kinachosimama chenyewe. Mianzi huku ipo na bei yake si ya kutisha. Miti minne ya futi sita ndiyo miguu. Fito zinafungwa kwa ngazi tatu, kila ngazi futi moja na nusu kutoka nyingine, na ya chini kabisa iache nafasi ya kufagia. Usipige msumari kwenye mwanzi, utapasuka. Funga kwa kamba za mpira wa tairi, vuta mpaka zikaze, zungusha kwa kupishanisha, kisha funga fundo kwa ndani. Kila upande weka ufito mmoja wa mshazari kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, la sivyo kichanja kitayumba. Miguu minne iingie kwenye makopo manne ya maziwa yenye oili chafu kidogo, mchwa na sisimizi wasipande. Angalia tu mtoto anayetambaa asiyafikie makopo hayo. Kichanja kikae umbali wa kiganja kutoka ukutani.

Halafu chukua salfeti mbili zilizooshwa vizuri. Moja ibaki nzima, iwe mgongo. Nyingine ikatwe vipande, vishonwe juu yake viwe mifuko midogo, safu kwa safu: mfuko wa mkasi, wa chaki, wa bobini, wa sindano za mashine, wa zipu fupi, wa zipu ndefu, wa lastiki. Pindo la juu lipitishwe ufito, ufito ufungwe juu ya kichanja. Fundi aliyekaa kwenye cherehani anyooshe mkono tu, asiinuke. Vifungo viingie kwenye chupa angavu, ili rangi ionekane kabla ya kufungua. Kopo la bati lililofungwa linamlazimisha mtu kumwaga vyote mezani kutafuta kifungo kimoja.

Siku ya kuhama, kichanja kinafunguliwa, fito zinafungwa bunda moja, salfeti inakunjwa na vitu vyake ndani, guta linabeba vyote kwa safari moja. Ukifika ulikohamia, jioni hiyohiyo unashona.

Haya si mageni katika ardhi hii. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, ardhi ikichoka watu walihamia pengine, na nyumba za miti, mianzi na udongo hazikujengwa ili zikae miaka mia. Kwa hiyo wazee wetu walitundika na kubeba. Mbegu zilikaa juu ya meko zipate moshi, wadudu wasizitoboe. Vitu vya thamani vilikaa ndani ya kilindo, kile chombo cha duara cha gome la mti chenye mfuniko, kinachotosha kuinuliwa na mtu mmoja. Dawa na ugoro vilikaa kwenye vikopo vidogo vya kuchongwa ambavyo kifuniko chake ni kichwa cha mtu, kazi safi ya mikono ya Wamakonde. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vyombo na vinyago vya watu wa huku, akavipeleka Leipzig. Makumbusho ya Ulaya mpaka leo yana vikopo vya aina hiyo, na sisi tuliorithi akili iliyovitengeneza tunahangaika na mafuko sakafuni.

Na kuhama hakukuishia kwa wazee. Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji, mkoani Mtwara kuhamia vijijini kulikuwa kumekwisha kuanza. Wapo wasikilizaji wangu waliobebwa mgongoni siku hizo. Wachongaji wetu nao walikwenda Dar es Salaam na tezo na patasi zao, wakapata mahali pa kufanyia kazi na kuuzia, na huko Mwenge wanajulikana mpaka kwa watalii. Jirani yetu wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichagua vibao vya hadibodi na rangi za mafuta za dukani, vitu ambavyo mtu anavibeba kwapani mpaka Morogoro Stores, Oysterbay, akavipanga chini na kuuza. Fundi asiye na jengo lake mwenyewe amekuwa hivyo siku zote: karakana yake ni ile anayoweza kuibeba.

Nigeukie wasukaji wa mikeka na makapu. Ukindu na milala ni majani, na majani yana tabia zake. Yakipigwa jua kila siku hukatika, yakikosa hewa huoza. Yakae bunda bunda, yamefungwa katikati bila kukazwa sana, yametundikwa kwenye kichanja upande wenye kivuli. Yaliyotiwa rangi yatengwe na meupe mpaka rangi ikauke barabara. Tunajua kwamba kabla ya kusuka majani hulowekwa yalainike. Kosa ninaloliona mara nyingi ni msukaji kumaliza kazi usiku na kuviringisha ukili uleule mbichi na kuusukuma uvunguni. Asubuhi una harufu, baada ya siku chache una ukungu. Uanikwe kwanza, hata kama ni kwenye kamba ndani ya chumba, ndipo uviringishwe. Na kila mkeka ambao haujakwisha ukae na majani yake yaliyokwisha kuchanwa kwa upana wake, maana ukichanganya upana, mkeka unapinda.

Kwa mchongaji maelezo ni mafupi lakini yazingatiwe. Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na hukauka polepole sana. Gogo likitolewa kivulini na kuachwa juani, au likikaa chini ya bati la moto, ncha zake hukauka kabla ya moyo wake, na ufa unaingia ndani. Paka nta ya mshumaa au rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili, lifunike kwa gunia, liweke kwenye kivuli cha ua juu ya mawe. Chonga nje, usichonge chumbani, kwa sababu vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuumiza kifua, na watoto wanalala humo. Risiti na hati za mti huo zikae kwenye bahasha moja. Mazao ya msitu yana sheria, na mpangaji anayeonekana na magogo uani bila karatasi anamwingiza mwenye nyumba wake kwenye maswali.

Vipande vilivyobaki ni jambo ambalo wengi hawapendi kuguswa. Fundi anasema, hiki kitafaa siku moja. Magunia ya siku moja yanafika matatu, manne, mpaka mtoto analala miguu juu ya gunia. Weka kiroba kimoja tu cha vipande. Kikijaa, simama: shona mito, vishikio vya sufuria, shuka za viraka, au mgawie binti anayejifunza kukata. Kitu kisicho na kazi kinapochukua nafasi ya kitu chenye kazi, chumba kinakuwa kimeshindwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, wazazi hasa.

Katika vyumba vyetu kuna vitu viwili vya hatari vinavyolala pamoja na nguo na watoto. Cha kwanza ni salfa ya mikorosho. Msimu wa kupulizia ukiisha, fuko lililobaki nusu linaingizwa ndani, kwa sababu ni ghali na uani litaibiwa. Vumbi lake linauma macho na kifua. Zaidi ya hapo, salfa ikikutana na unyevu hula chuma: sindano, pini, meno ya zipu, hata cherehani yenyewe. Ikishika moto, moshi wake unakaba pumzi. Fuko la salfa lisilale chumba kimoja na watu wala na vifaa vya kazi. Kama u mpangaji na huna stoo, zungumza na mwenye nyumba au na ndugu mwenye banda, uliweke kwake.

Cha pili ni dawa za batiki. Kina mama na vijana wengi wamejifunza batiki, na ni kazi nzuri. Lakini kutia rangi kunahitaji kostiki soda na unga wa haidrosi. Kostiki inaunguza. Mtoto akiinywa inamchoma mdomo na koo, na jeraha hilo linaweza kumfunga asimeze chakula maisha yake yote. Haidrosi ikiingiwa na maji kidogo, hata tone moja la bati linalovuja linatosha, huanza kupata joto yenyewe na inaweza kuwaka. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeziona dawa hizi kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa, zimesimama chini ya meza. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, anaijua chupa.

Dawa ya batiki isihamishwe kutoka chombo ilichouzwa nacho. Ukilazimika kununua kidogo kwa kupimiwa, iingie kwenye kopo gumu lenye mfuniko wa kuzungusha, liandikwe SUMU, lichorwe alama, liingie ndani ya sanduku lenye kufuli, na sanduku liwe juu, mahali pakavu, mbali na jiko. Kostiki na haidrosi zisikae sanduku moja. Ikitokea mtoto ameinywa kostiki, usimtapishe. Msukutue mdomo kwa maji, mkimbizeni kituo cha afya, mchukue na kopo la dawa mkamwonyeshe mganga. Kutapika kunaunguza koo mara ya pili.

Maji ya rangi yaliyotumika nayo yana mahali pake. Ua ni wa wapangaji wote, jirani anaoshea vyombo hapo na kuku wanakunywa hapo. Chimba shimo mbali na kisima, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Hilo linanileta kwenye neno langu kwa wenye nyumba wa Chiungutwa na kwingine. Baba zangu, mama zangu, mpangaji mwenye cherehani hulipa kodi kwa wakati kuliko wengi, maana ana pesa ya kila siku. Msimwongezee kodi kwa sababu tu mmesikia mashine inalia. Mkubaliane naye siku ya kwanza, kwa maandishi: atashonea kibarazani au ndani, mwisho saa ngapi usiku, umeme wa pasi na mashine atachangiaje kwenye mita ya LUKU ya wote, maji ya rangi atamwaga wapi, ukutani aguse au asiguse. Mambo hayo yakiandikwa, kesi nyingi ninazosikia kwenye ofisi za vijiji zitakuwa zimekwisha kabla ya kuanza. Na kama mnajenga sasa hivi, ongezeni kibaraza kiwe na upana wa kutosha cherehani na mteja, na wekeni ufito mmoja imara chini ya dari ya korido kwa ajili ya kutundikia. Gharama yake ni ndogo, nyumba itapata wapangaji wanaokaa.

Nanyi mafundi, msisubiri mpaka mnada wa kwanza ulipwe. Mwisho wa wiki hii toeni kila kitu nje mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tandikeni mkeka, tenganisheni kazi za watu na vitu vyenu, wekeni matofali chini ya kitanda, kateni mianzi. Vitambaa vya wateja wasiorudi tangu mwaka jana, wapigieni simu waje kuchukua. Dawa za batiki zilizo kwenye chupa za kunywea zitoeni leo hii, msingoje Jumamosi. Mvua za kwanza hazijaanza, siku za kuanika bado zipo.